Dole Gumba la Shangazi Zuwena

Shangazi Zuwena aliingia gereji bila kupiga honi,
mkono wa kulia umefungwa shashi,
akaweka funguo juu ya benchi kama mtu anayelipa deni.
"Umenipiga tena," akasema.
Usukani.

Sanaiya yote ya Ibra inaijua safari yake:
kila Jumatatu na Alhamisi, kwa njia ya wadi,
mawe makubwa kama majokofu,
mpaka kwenye zizi la mbuzi wake mlimani.
Gurudumu likigonga jiwe,
jiwe hupeleka salamu kwenye ekseli,
ekseli kwenye fimbo, fimbo kwenye sanduku,
na usukani huzunguka wenyewe kama pia,
ukalikuta dole gumba limelala ndani ya duara.
Mara ya kwanza alikuwa na miaka arubaini.
Mara hii, sitini na tatu.

Binti zake wanamwambia: uza gari, uza mbuzi,
njoo Maskati, kuna lifti na kiyoyozi.
Yeye anasema gari halina kosa.
"Mikono ndiyo iliyostaafu bila kuniaga."

Basi nikalifungua sanduku la usukani.
Kutoboa chuma kizima ni kazi ya kubana pumzi:
tundu la kushoto, tundu la kulia,
na kila chembe itolewe, ioshwe kwa petroli,
ipulizwe, ioshwe tena,
maana chembe moja iliyobaki
itasubiri siku ya mteremko.
Shafiqul alichomelea vishikio kwenye ekseli,
akaununia mshono wa kwanza, akaukata, akaanza upya.
Silinda ikalala mbele, inang'aa kama kijiko cha wageni.

Nimwelezeje Shangazi?
Kiarabu kina neno, liko kwenye boksi.
Shafiqul ana lake, la Kihindi cha gereji.
Lakini Kiswahili chetu ni cha jikoni kwa bibi,
hakikuwahi kulala chini ya gari.
Nikasema: ni nguvu za mafuta.
Akacheka mpaka akajishika mbavu.
"Nchi nzima inakwenda kwa nguvu za mafuta,
mwanangu. Nilikuwa nimebaki mimi."

Tukainua magurudumu ya mbele kwa jeki.
Injini imezimwa. Zungusha kushoto, taratibu, mpaka mwisho.
Rudi kulia.
Mafuta yakafura povu kama karaki inayotaka kumwagika,
hewa ikatoka ikilalamika.
Ukiwa na haraka hubaki ndani,
na usukani utakulilia kama paka mlangoni.
Zungusha tena.
Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda, tukarudi,
povu bado.

Alhamisi nikapanda naye.
Pale kwenye jiwe tunaloliita Mkwe,
kwa kuwa halipitiki bila adabu,
gurudumu likabanwa huku na huku.
Shangazi akaweka kidole kimoja, cha shahada,
na gari zima likageuza shingo.

Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa
hawakuwa na pampu.

Nilingoja acheke. Akazima injini.
Wadi ikanyamaza; mbuzi mmoja akakohoa huko juu.
"Zamani jiwe likinigusa nikilijua," akasema.
"Hili laini, hili lina ncha,
hili limeletwa na mafuriko ya juzi.
Sasa yanazungumza na silinda yako.
Mimi siambiwi kitu."

Nilitazama spana zangu.
Hakuna nati ya hilo.

Akawasha. Akateremsha kioo, akatoa kichwa nje,
akaanza kuyasikiliza matairi kwa sikio,
uso umekunjwa kama mtu anayesikiliza simu mbovu.
Mikono juu ya usukani, myepesi, karibu haina kazi,
vidole vinavyotaka kukunja vimekunja,
na madole gumba yote mawili,
lile zima na lile la shashi,
nje ya duara,
yamekaa macho.